Kinyozi Hajinyoi: Somo la Imani Kutoka Kiti cha Kinyozi Ugenini



Andiko la kusoma kwanza: Mdo 8:26-40. Ukiwa na dakika tano zaidi, soma pia Mt 5:37 na Rum 8:26.

Wengi wetu tunatamani kusafiri. Kuna anayeomba nafasi ya masomo, kuna anayetafuta kazi Uarabuni, kuna anayeweka akiba aende Siku ya Vijana Duniani. Tunajiandaa kwa pasipoti, viza, koti la baridi. Hakuna anayejiandaa kwa kinyozi. Lakini nywele hazijui kwamba umevuka mpaka. Wiki tatu zikipita zinakudai, na siku hiyo unajikuta umekaa kwenye kiti cha mtu usiyemjua, shuka limefungwa shingoni, mashine inanguruma sikioni, na lugha mnayoshirikiana haijazi kiganja.

Leo tutumie kiti hicho kujifunza jambo moja: kwamba Mungu ametuumba tuhitaji mikono ya wengine, na kwamba kukosa maneno hakumpunguzii mtu utu wake. Nitatumia mfano wa hapa Roma, ninakosoma teolojia, maana ndiyo ninaoujua. Wewe uliyeko Muscat, Kampala au Guangzhou utabadilisha majina tu.

1. Kwa nini kinyozi ni mtihani kuliko duka

Dukani lugha ikikushinda unanyoosha kidole, unalipa, unaondoka. Ukikosea, utakuwa umenunua chumvi ukidhani ni sukari. Utacheka, yataisha. Kwa kinyozi mambo ni mengine. Kinachoshughulikiwa ni kichwa chako, kosa utatembea nalo wiki mbili, na wakati kazi inafanyika huwezi hata kugeuza shingo. Umejikabidhi.

Halafu kuna suala la nywele zenyewe. Kinyozi aliyezoea nywele laini anaanza na mkasi na kitana. Nywele zetu zinataka mashine, na zinataka mtu anayejua kuchonga mstari wa mbele bila kuupandisha hadi katikati ya paji. Unamwona anazishika, anafikiri, anakutazama kwenye kioo. Wewe nawe unamtazama. Wote wawili mna wasiwasi, ila mmoja ndiye mwenye wembe!

Hapa Roma kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitegemei. Katika mitaa kama Esquilino na Torpignattara, vinyozi wengi utakaowakuta si Waitaliano. Wametoka Bangladesh, wengine Misri au Moroko. Kwa hiyo Mtanzania mwenye Kiitaliano cha kuokoteza anamweleza Mbangladeshi mwenye Kiitaliano cha kuokoteza namna ya kumnyoa. Lugha si ya huyu wala ya yule. Ni kama daraja la miti ambalo wote wawili wamelikuta hapo, na wanavuka polepole wakishikana mikono.

Sasa, wengi tunakwepa mtihani huu. Tunanunua mashine ya kunyolea, Jumamosi tunanyoana wenyewe kwa wenyewe bwenini huku tukipiga soga kwa Kiswahili. Hilo si baya hata kidogo. Ni udugu mzuri na linaokoa hela. Lakini jiulize sababu. Kama sababu ni udugu, endelea. Kama sababu ni woga, angalia sana, maana woga huo haukomei kwenye nywele. Leo unamkwepa kinyozi, kesho unakwepa kupanda basi peke yako, keshokutwa unakwepa Misa ya parokia ya mtaani kwa sababu eti hutaelewa mahubiri. Mwaka unakatika, na kumbe ulikuwa unaishi Mbeya ndogo ndani ya Roma.

2. Augustino na lafudhi yake

Mtakatifu Augustino aliyajua haya. Alizaliwa Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria, akaenda Italia mwaka 383, kwanza Roma, kisha Milano alikofundisha ufasaha wa kusema. Huyu alikuwa bingwa wa Kilatini, lakini mwenyewe anaandika kwamba Waitaliano walimsumbua kuhusu matamshi yake. Hebu fikiria: mwalimu wa ufasaha anakosolewa lafudhi kwa sababu ametoka Afrika!

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, anaeleza jinsi lugha inavyotenga watu. Anasema kwamba watu wawili wasio na lugha ya pamoja, hata kama wote ni binadamu, ni vigumu kupatana, na kwamba mtu huona raha zaidi kukaa na mbwa wake kuliko na mgeni wasiyeelewana. Maneno makali, lakini aliyewahi kuishi ugenini anajua si uongo. Kuna siku unamwonea wivu yule bibi wa ghorofa ya chini anayezungumza na mbwa wake, kwa sababu angalau wao wanaelewana.

Ila Augustino huyohuyo, katika mazungumzo aliyoandika akiwa na mwanawe Adeodato, anatupa upande wa pili. Anatoa mfano wa mtega ndege: mtu mwenye akili akimtazama akifanya kazi yake anaweza kuelewa ufundi ule bila kuambiwa neno. Kazi yenyewe inasema. Na kinyozi ni hivyohivyo. Mtazame anavyopima kichwa kwa macho kabla ya kuwasha mashine. Mtazame anavyokunja sikio lako taratibu ili asilikwaruze, anavyopuliza vinyweleo shingoni, anavyofunga shuka upya aone limekubana. Hajakwambia kwamba anakujali. Amekuonyesha.

3. Maneno machache ya kweli

Upendo unatosha, lakini upendo pia unajibidiisha. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Basi tutie maji kabla ya kukaa kitini.

Anza na salamu. Ukiingia dukani au kwa kinyozi hapa Italia unasema "buongiorno" kabla ya lolote, sawa na kwetu ambako huwezi kumvamia mtu na shida yako kabla hujamjulia hali. Halafu jifunze maneno manane: capelli ni nywele, corti ni fupi, sopra ni juu, ai lati ni pembeni, dietro ni nyuma, barba ni ndevu, macchinetta ni mashine, na basta così ni "hapo panatosha". Maneno manane unayakariri ukiwa njiani.

Tumia namba. Kile kichana cha plastiki kinachochomekwa kwenye mashine kina namba. Kwa mashine nyingi, namba 1 inaacha nywele za kama milimita 3, namba 2 kama milimita 6, namba 4 kama milimita 12 au 13. Milimita ni zilezile Dodoma na Roma. Ukisema "tre millimetri" umeeleweka.

Usitegemee vidole. Ishara ya kidole gumba na cha shahada ndiyo inayoharibu vichwa vya wageni wengi. Ukionyesha nafasi ndogo kati ya vidole, unamaanisha akate kiasi hicho, au abakize kiasi hicho? Wewe unajua. Yeye hajui. Na jibu likija, litakuja na mashine.

Onyesha picha, tena picha ya kichwa chako mwenyewe siku uliponyolewa ukapendeza, mbele na nyuma. Picha ya mchezaji mpira mwenye nywele tofauti na zako haimsaidii.

Omba aanze na namba kubwa. Kilichobaki kinaweza kukatwa, kilichokatwa hakirudi leo. Na usiende Jumatatu, kwa maana vinyozi wengi wa Kiitaliano kwa desturi hufunga siku hiyo.

Mbona seminari inatufundisha kunyoa? Subiri kidogo. Angalia maneno hayo manane: ni machache, lakini kila moja ni la kweli. Hayo yanakutosha kuliko sentensi ndefu uliyoikariri usiyoijua maana. Hata sala iko hivyo. Yesu alituonya tusiwe watu wa kurundika maneno tukidhani tutasikilizwa kwa wingi wake (Mt 6:7).

4. "Ndiyo" ya aibu

Sasa tufike penye uzito. Kazi imekwisha. Kinyozi anashika kioo kidogo nyuma ya kisogo chako, anauliza: "Va bene così?" Yaani, iko sawa hivi? Unaona kabisa kwamba upande wa kushoto umebaki juu. Na mdomo unasema "sì, sì, grazie". Unalipa, unatoka, unavuta kofia.

Kwa nini tunafanya hivi? Kwanza ni aibu ya kukosa neno. Halafu ni malezi. Wengi tumelelewa kwamba kumkosoa mtu mzima anayekuhudumia ni utovu wa adabu. Nia ni njema, lakini tunda lake ni uongo mdogo. Bwana anasema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mt 5:37). Na kumbuka, ile "ndiyo" ya aibu inamnyima kinyozi haki yake pia. Ameuliza kwa sababu anataka kujua. Kioo amekishika kwa ajili yako. Ungeweza kugusa pale na kusema maneno mawili kwa tabasamu, "qui, un po'", yaani hapa kidogo, akawasha mashine tena, dakika moja mambo yamekwisha, na heshima yake iko palepale.

Mtu atasema nywele ni jambo dogo. Ni kweli, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi. Anayezoea "ndiyo" ya aibu kwa kinyozi ataitoa pia mbele ya daktari anayemuuliza kama maumivu yameisha. Ataitoa mbele ya mkataba wa kazi ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma. Dada zetu na kaka zetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani huwekewa karatasi mbele, mtu anatabasamu, anasema weka sahihi hapa. Hapo "sijaelewa, naomba nielezwe" inaweza kuokoa maisha. Kijana Mkatoliki ajifunze kulisema neno hilo bila kujidharau. Kuuliza si ujinga.

5. Mwethiopia juu ya gari

Turudi kwenye andiko letu. Mtu huyu si mtu mdogo. Ni mweka hazina wa malkia wa Ethiopia. Ana gari, ana elimu, ana chuo cha nabii Isaya mkononi, jambo ambalo si kila mtu wa zama zile aliweza kulimudu. Amesafiri hadi Yerusalemu kuabudu, yuko njiani kurudi kwao. Filipo anamkimbilia, anamsikia akisoma, anamuuliza kama anaelewa.

Huyu mheshimiwa angeweza kusema "ndiyo, naelewa" na kuendelea na safari. Nani angejua? Badala yake anakiri kwamba hawezi kuelewa asipopata mtu wa kumwongoza, na anamwomba Filipo apande, aketi pamoja naye. Ubatizo wake ulianzia hapo, kwenye "sielewi" iliyosemwa kwa unyofu. Angekuwa na aibu tunayoijua sisi, gari lingepita maji yale bila kusimama.

Na angalia alikuwa anasoma nini. Ilikuwa sehemu ya Isaya 53 inayomsema yule anayepelekwa kama kondoo, na kama mwanakondoo anayenyamaza mbele ya mkata manyoya. Ndiyo, mkata manyoya! Filipo akaanzia hapohapo kumhubiri Yesu. Sisi kwenye kiti cha kinyozi tunanyamaza kwa sababu hatuna maneno. Yesu, aliye Neno mwenyewe, alinyamaza mbele ya Pilato kwa hiari. Alikubali kuwekwa mikononi mwa watu, na mikono ile haikuwa ya upole kama ya kinyozi wangu wa Kibangladeshi. Kwa hiyo mgeni asiye na maneno hayuko mahali ambapo Kristo hakuwahi kufika. Hata sala inapokukauka, Mtakatifu Paulo anatuhakikishia kwamba Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Rum 8:26). Na Bwana anasema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote (Lk 12:7). Anayezihesabu hahitaji tumweleze kwa lugha gani.

6. Kinyozi hajinyoi

Methali hii tumeisikia tangu utotoni. Hata fundi wa kunyoa anahitaji kinyozi mwingine. Ukiitazama vizuri, ni kama imeandikwa kuhusu sakramenti. Hakuna anayejibatiza. Hakuna padre anayejiondolea dhambi zake mwenyewe. Anapiga magoti mbele ya padre mwenzake. Hata Baba Mtakatifu anaungama kwa padre. Neema inatujia kupitia mikono ya mwingine, na mara nyingi mikono hiyo ni ya mtu ambaye hatukumchagua.

Ndiyo maana tangu zamani kukatwa nywele kumekuwa ishara ya kujitoa. Paulo alinyoa kichwa Kenkrea kwa sababu ya nadhiri (Mdo 18:18). Kwa karne nyingi aliyeingia katika hali ya ukleri alikatwa nywele kidogo kwa ibada maalumu, mpaka Papa Paulo VI alipoiondoa ibada hiyo mwaka 1972. Ishara imeondoka lakini maana imebaki: kichwa changu si mali yangu peke yangu.

Na Kanisa lina mtakatifu kinyozi. Martin wa Porres alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kujifunza kazi ya kinyozi, ambayo zama zile ilikuwa pamoja na kufunga vidonda na kutibu. Alipoingia kwa Wadominikani alitumia ufundi uleule kunyoa ndugu zake na kuhudumia wagonjwa, wakiwemo Waafrika walioletwa Peru kama watumwa. Kwa watu hao, waliong'olewa kwao na kutupwa katikati ya lugha ngeni, mikono ya Martin ilikuwa mahubiri. Alifariki mwaka 1639, akatangazwa mtakatifu mwaka 1962, na leo ni msimamizi wa vinyozi. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba.

Moyo huohuo uko hapa Roma. Mwaka 2015 Papa Fransisko alifunguliwa njia na sadaka za wasamaria kuweka mabafu na kinyozi kwa ajili ya maskini karibu na nguzo za Uwanja wa Mtakatifu Petro. Vinyozi wakajitolea siku ya Jumatatu, ileile siku yao ya kufunga. Aliyelala nje usiku anakaa kitini, anafungwa shuka safi, anaulizwa anataka nywele zake vipi. Swali hilo peke yake linamrudishia mtu utu wake.

7. Ukiwa nyumbani

Huenda wewe hutasafiri kamwe. Somo bado ni lako, maana mgeni anakuja kwako. Yuko Mrundi au Mkongomani anayetafuta maneno ya Kiswahili chetu, na sisi tunamcheka lafudhi yake. Yuko kijana kiziwi anayekaa benchi la nyuma kanisani, ambaye kila siku ya maisha yake ni kama siku yako moja ugenini. Yuko mtoto aliyetoka kijijini, shuleni anachekwa kwa Kiingereza chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunapomsubiri mtu amalize sentensi yake iliyovunjika bila kumkatiza, tunapona ugonjwa wa kudhani kwamba mwenye maneno mengi ndiye mwenye akili nyingi.

Maswali ya kutafakari

Je, ni wapi katika maisha yangu ninatoa "ndiyo" ya aibu, hata kwa Mungu katika sala?

Ni msaada gani ninaukataa kwa sababu sitaki kuonekana kwamba sijui?

Ni nani karibu yangu anayekosa lugha, na mimi nimemchukulia kama mtu asiye na la kusema?

Zoezi la wiki

Jifunze salamu tatu za lugha ya mtu mmoja aliye mgeni mtaani kwako, au alama tatu za lugha ya alama, kisha uzitumie. Na ukienda kunyoa Jumamosi hii, mtazame kinyozi wako mikono, umshukuru kwa jina.

Sala

Ee Bwana Yesu, Neno uliyenyamaza kwa ajili yetu, tufundishe kukubali mikono ya wengine bila aibu na bila kiburi. Utupe ujasiri wa kusema ukweli kwa maneno machache, na subira ya kumsikiliza asiye na maneno. Uwalinde vijana wote walioko ugenini, uwape watu wema njiani. Mtakatifu Martin wa Porres, utuombee. Amina.